Jicho la Kuku wa Vigae

Fundi Timazi alipata jina lake kwa sababu ya ukuta wa choo. Alikuwa kijana bado, ukuta umekwisha kupanda, chokaa imekauka, naye akautundikia timazi lake, ile kamba yenye kizito cha kupimia wima, na kukuta umeinama upana wa ukucha. Akaubomoa. Mwenye nyumba alimshika mkono akimsihi auache, kwani nani atakwenda chooni kupima? "Mimi," fundi akajibu, na nyundo ikaendelea. Tangu hapo watu walisahau jina alilopewa na wazazi wake. Baadaye aliacha matofali akashika vigae, na humo ndimo alimozeekea: sakafu, kuta, jikoni, bafuni, mistari iliyonyooka mpaka inakera. Hata akipakuliwa chakula aliisogeza sahani kidogo kidogo mpaka ikae katikati ya meza.

Mwanawe, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa, alimwoa msichana mwenye kazi ambayo fundi hakuielewa hata kidogo. Bibi harusi alihamia na begi la nguo, mashine yake ya kompyuta na mito miwili. Akapewa meza ndogo dirishani, pembeni mwa sebule, na hapo ndipo alipokaa kutwa. Mama mkwe ndiye aliyembandika jina la Chiriku. Si kwa ajili ya mdomo, maana yule binti alikuwa mkimya kama maji ya mtungini. Ni kwa ajili ya vidole vyake, ambavyo vililia juu ya vibonye kama ndege huyo kuanzia asubuhi hadi adhana ya alasiri bila kupumua.

"Mkweo anafanya kazi gani hasa?" majirani walimuuliza fundi.

"Anaandika kodi," fundi alijibu, kwa kuwa ndivyo mwanawe alivyomweleza.

"Kodi ya nyumba au ya serikali?"

Fundi akakohoa na kuuliza habari za mvua.

Ukweli ni kwamba ile "kodi" ilikuwa code ya Kiingereza: Chiriku aliandika programu za kushughulikia majedwali, yale majedwali marefu ya kompyuta yenye visanduku visivyo na mwisho, ambayo watu wa maofisini huyajaza kwa mkono mpaka macho yawaume. Programu yake ilifungua jedwali, ikaenda kwenye kisanduku kimoja kimoja kama mtu anayegonga milango ya mtaa, ikasoma kilichomo, ikarekebisha cha kurekebisha, ikafunga na kuondoka. Aliipenda kazi hiyo. Hakuwa na namna ya kuieleza mezani, basi hakuieleza.

Kati yake na baba mkwe hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na adabu, na adabu ikizidi nayo ni ukuta. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" "Salama baba." Kisha kila mmoja aliangalia chai yake. Mwaka ukapita hivyo.

Jumamosi moja asubuhi dereva alirudi nyumbani na mgeni kwenye kiti cha mbele. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya watoto, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye wagonjwa na wafanyakazi wote walimwita Sista Mkuu. Hata kukaa hakukaa.

"Fundi, nina ukuta," akasema. "Ule wa chumba cha kungojea. Mweupe pe! Mtoto akiingia anauona ule weupe anajua hapa kuna sindano, basi kilio kinaanzia mlangoni. Duka la vifaa vya ujenzi limetupa masalio ya vigae vidogo, hivi vya ukubwa wa kiberiti, makatoni kwa makatoni, kila rangi. Nataka unichoree picha."

"Picha," fundi akarudia, kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuruka angani.

"Kuku na vifaranga wake. Si wanasema kuku mwenye watoto halengwi jiwe? Nataka mama akiingia pale na mwanawe mgongoni ajue hapa hatalengwa jiwe."

Fundi alifungua mdomo akikusudia kusema kwamba yeye ni mtu wa mistari, maisha yake yote hajawahi kuchora hata yai. Lakini mgeni alikwisha kumshika mkono akiutikisa, na mke wake mlangoni alikwisha kusema, "Hilo mbona dogo kwake, Sista." Mdomo wa mke ukaponza kichwa cha mume. Likapita hilo.

Wiki nzima iliyofuata fundi alikaa barazani na karatasi ya mirabaraba aliyoinunua dukani, na penseli za rangi. Alijaza vijiraba kimoja kimoja, ulimi nje, kimoja kikiwa kigae kimoja. Alipomaliza akamwonyesha mkewe.

Mama mkwe aliisogeza mbali, akaileta karibu, akainamisha kichwa.

"Birika zuri," akasema. "Na vikombe vyake pembeni, umevipanga vizuri."

Fundi aliikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Chiriku, aliyekuwa dirishani, alijifanya hajasikia, ila mabega yake yalicheza. Halafu kicheko kikamwisha, kwa sababu aliona uso wa baba mkwe wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyezoea kuaminiwa na sasa hajiamini.

Usiku akamwambia mumewe, "Ile karatasi ya mirabaraba ya baba, ile ni jedwali. Ni kazi yangu ileile ninayofanya kila siku."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi nitamwambia nini? Mimi najua king'ora na breki." Dereva akageukia ukutani. "Hatakula mtu, mke wangu. Mwambie mwenyewe."

Asubuhi Chiriku alimkuta fundi barazani, mikono magotini. Akasimama mbele yake na kompyuta kifuani kama sinia.

"Baba, samahani. Ningependa kukuonyesha kitu."

"Kama ni birika, mwanangu, nimeshaliona."

"Si birika, baba. Nahitaji kuku wa kweli kwanza."

Fundi akainua macho. Hakutarajia jibu la namna ile kutoka kwa mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu harusi alimtazama vizuri.

Kuku wa kweli alikuwa nyuma, kwa jirani fundi cherehani: koo mkubwa wa kahawia mwenye kifua cheupe na hasira za bure, na vifaranga sita. Mama mkwe alimwaga chenga za mchele. Fundi alishikilia kipande cha bati ili kuku asikimbilie mferejini. Chiriku alipiga magoti na simu yake. Kuku hakupenda upuuzi. Alimrukia fundi mguuni, fundi naye akaruka, na mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini juu ya mchele. Lakini picha ilipatikana, nzuri, kuku akiwa amegeuza ubavu, kichwa kimeinuka, watoto miguuni.

Chiriku akaketi mezani kwake. Baba mkwe akaleta kigoda, akakiweka mbali kidogo kwa heshima. Baada ya muda akakisogeza.

"Nieleze," akasema. "Taratibu. Usiniruke."

"Hii programu inaikata picha vipande vidogo, baba. Mirabaraba, kama ya karatasi yako. Kila kiraba kinapata rangi moja, ile inayokaribiana zaidi na rangi za vigae tulivyonavyo. Halafu inafungua jedwali, inakwenda kwenye kisanduku kinachohusika na kukipaka rangi hiyo. Kisanduku kimoja, kigae kimoja."

"Inajuaje kisanduku kinachohusika?"

"Kila kimoja kina anwani. Safu zimepewa herufi kutoka kushoto, mistari imepewa namba kutoka juu. C7 ni safu ya C, mstari wa saba. Hakuna kingine kinachoitwa C7 ndani ya jedwali hili."

"Herufi zikiisha?"

"Baada ya Z inakuja AA, kisha AB."

Fundi akatikisa kichwa polepole. Hilo lilimkaa moyoni. Mtaa wenye nyumba zilizopangwa vile, usiokuwa na kichochoro wala nyumba iliyochomoza mbele ya mwenzake, ndio mtaa ambao angependa kuhamia.

Chiriku akabonyeza. Kwenye kioo visanduku vilikuwa vitupu, na punde vikajaa. Na pale katikati, kama mtu anayetokeza kwenye ukungu, akasimama kuku. Kifua cheupe, mkia umepinda, kilemba chekundu kichwani, vifaranga vya manjano chini. Fundi alishusha pumzi. Mama mkwe akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Kisha akasogea, akakunja uso.

"Mbona kuku wenu kipofu?"

Wakatazama. Kweli. Kuku hakuwa na jicho.

"Jicho ni dogo mno," Chiriku akasema baada ya kufikiri. "Kiraba kimoja kimechukua jicho na manyoya ya pembeni vyote pamoja, kikapima, kikaona kahawia imezidi. Jicho limemezwa."

"Basi lirudishe."

"Nitalirudisha, mama. Ni kisanduku kimoja tu. Kazi ni kujua kipi."

Akaandika mstari mmoja mfupi wa programu. Fundi akaingiza pua yake karibu na kioo kuusoma. Uliandikwa hivi: paka("Q9", "nyeusi").

"Paka?" akauliza. "Umemtia paka kwenye banda la kuku?"

Chiriku akageuka haraka kuona kama baba mkwe anatania. Masharubu yake yalikuwa yanatetemeka. "Si paka wa miau, baba! Paka rangi! Ndiyo amri niliyoitunga. Unaiambia mahali, unaiambia rangi, inakwenda pale inapaka."

"Haya. Ila kama asubuhi tutakuta manyoya matupu, mimi simo."

Chiriku akacheka, fundi naye akacheka, na mama mkwe akarudi jikoni akiwa ameuma midomo, kwa kuwa alikuwa ameona jambo na hakutaka kulishtua.

Pale kwenye Q9 jicho lilikaa vibaya. Kuku alionekana amekasirika, kama mtu anayesubiri chenji. Wakairudisha kahawia, wakajaribu R9. Sasa kuku alionekana amelewa. Fundi alikuwa amekwisha kusahau umbali wa heshima. Kigoda chake kiligusa mguu wa kiti cha mkwe.

"Panda juu," akasema. "Mstari mmoja."

"Andika wewe, baba."

"Mimi?"

"Vidole unavyo."

Alikuwa na vidole vinene, vyenye nyufa za saruji, na alivitazama kama vile ndiyo kwanza anakutana navyo. Akabonyeza herufi moja moja, akiitafuta kila moja kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Alisahau alama ya mwisho ya mabano, programu ikagoma na kutoa maneno mekundu. Akainua mikono juu. "Sijaigusa!" Chiriku akamwonyesha: mabano yakifunguliwa lazima yafungwe, kama mlango. Akayafunga. Akabonyeza.

Jicho likakaa R8.

Yule kuku alikuwa ameamka. Na kwa sababu jicho lilikuwa juu kidogo na mbele kidogo, ilionekana kana kwamba amewaona wanaoingia mlangoni, amewapima na ameamua kuwaacha wapite.

"Huyo," fundi akasema polepole. "Huyo sasa ni mama wa watu."

Kuanzia siku hiyo haikuwezekana kumwondoa mezani. Chiriku alifanya kazi zake za ofisini mpaka alasiri, naye fundi alikuja saa kumi kamili, amenawa mikono. Walikuwa na jambo la kusawazisha kila siku. Nyekundu zilikuwa chache, basi kilemba kikapunguzwa meno. Kahawia nzito haikutosha kwa bawa lote, na hapo fundi akauliza swali lililokuwa likimkera.

"Mwanangu, hiki kisanduku si ningeweza kukigusa kwa mshale tu nikakipaka? Kwa nini tupitie kwenye maandishi?"

"Kwa kimoja, unaweza, baba. Hata ni rahisi zaidi. Lakini sasa nataka kuiambia hivi: pita bawa zima, na kila ukikuta kahawia nzito mbili zilizopakana, ya pili igeuze iwe nyepesi. Utavigusa vyote kwa mshale?"

"Nitakufa kabla sijafika mkiani."

Akaandika, akabonyeza, na bawa likapata madoa madoa kama la yule kuku wa jirani hasa, ambalo hata kwenye picha halikuonekana vizuri hivyo. Fundi akapiga kofi la furaha mezani. Siku nyingine ilikuwa zamu yake kuharibu: alifungua jedwali peke yake ili amtazame kuku wake, akaliacha wazi, na programu ya Chiriku ikagoma kuhifadhi. Chiriku alihangaika mpaka akatambua nani ameshikilia faili. "Baba, tukiingia wawili mlango mmoja tunakwama," akamwambia. Fundi akalifunga jedwali kwa haraka ya mtu aliyekutwa akionja mchuzi.

Sista Mkuu aliwapa chumba kila mwisho wa wiki, zahanati ikiwa imefungwa. Dereva alibeba makatoni, akakoroga gundi ya vigae kwenye ndoo, kisha akaambiwa anakoroga kama anapika uji, akafukuzwa kwa upole akalale garini. Wakabaki wawili. Chiriku alikuwa ameandika programu nyingine ndogo, ya kusoma: inakipita kila kisanduku na kuandika rangi yake kwa maneno, naye Chiriku anayasoma kwa sauti ili fundi asihangaike kugeuka kutazama kioo. Mara ya kwanza ilisoma kuanzia mstari wa juu.

"Mwanangu," fundi akamwambia, "nikianza juu nitaegemeza nini? Hewa?"

Basi akaigeuza isome kutoka chini kupanda juu. Fundi alikwisha kupigilia ubao mmoja ulionyooka, juu kidogo ya sakafu, akaupima kwa pimamaji mara tatu, na juu ya ubao huo ndipo vigae vya kwanza vilipokalia. Chiriku alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kompyuta magotini.

"Kijani tano. Manjano moja. Kijani mbili. Manjano moja."

"Kijani tano… moja… mbili… moja. Twende."

Sauti ya Chiriku ilijaza kile chumba kitupu, na vigae vikalia tik, tik, tik. Walipochoka walikunywa chai kwenye vifuniko vya chupa, na fundi alimsimulia habari za sakafu alizozitengeneza, na watu waliokaa juu yake bila kujua chini kuna nini. Chiriku naye alimsimulia habari za majedwali aliyoyakuta, yenye makosa ya ajabu, mwenye ofisi amezaliwa baada ya mwanawe. Alijikuta anaongea. Aliongea mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeona ajabu.

Wikiendi ya nne walimaliza. Fundi alijaza mianya kati ya vigae kwa saruji nyeupe, akafuta kwa sifongo, akafuta tena kwa kitambaa kikavu, na kuku akang'aa ukutani mkubwa kuliko mtu. Jicho lake jeusi likawatazama. Chiriku alitaka kurukaruka. Lakini macho yake yakaanguka kwenye bakuli lililokuwa sakafuni.

Ndani ya bakuli mlikuwa na vigae vya manjano. Kijani pia, rundo zima.

"Haiwezekani," akasema. "Tulihesabu. Manjano yote yalitakiwa kwisha."

"Labda kimoja viwili vimezidi."

"Programu haizidishi, baba." Akasimama, akarudi nyuma hadi mlangoni, akatazama. Ndipo alipoona. Vifaranga sita walisimama juu ya vijiti. Kuku mwenyewe alisimama juu ya magongo mawili. Miguu ilishuka, ikafika kwenye ubao, basi. Hapakuwa na kidole hata kimoja.

Uso ukamwaka moto. Akafungua programu ya kusoma, na kosa lilikuwa pale, dogo, limekaa kimya kama mdudu kwenye maharage. "Ni mimi," akasema. "Niliiambia isome kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini lugha hii ya kompyuta ukiitajia mwisho, inaishia kabla yake. Ule wa mwisho hauingii mpaka uongeze mmoja. Najua hilo tangu siku ya kwanza darasani, baba, na nimesahau. Mstari wa chini kabisa haukusomwa. Vidole vyote vilikuwa humo."

Hakuweza kumtazama. Alifikiria gundi iliyokwisha kuwa jiwe. Alifikiria mtu ambaye maisha yake yote hakuacha kitu kimeinama hata upana wa ukucha, na sasa ana kuku asiye na vidole katikati ya zahanati, kwa sababu ya mkwe. Machozi yakamjia, akayafuta kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa na vumbi.

Fundi alimtazama kuku, akautazama ubao, akachuchumaa, magoti yakalia. Halafu akafanya jambo la ajabu: akaanza kucheka kidogo kidogo, peke yake, kama mtu aliyekumbuka utani wa jana.

"Inaishia kabla ya mwisho," akasema. "Kama mgeni aliyealikwa hadi mlangoni, akakaa kizingitini hajui kama aingie. Mwanangu, nipe nyundo."

Akang'oa misumari ya ubao, akauvuta. Chini yake, kati ya kigae cha kwanza na sakafu, palikuwa na pengo tupu la urefu wa ukuta mzima.

"Sakafu hazinyooki," akasema. "Ukianzia sakafuni, unarithi upotofu wake mpaka darini. Kwa hiyo tunaanzia juu ya ubao, na mstari wa chini unauweka mwisho, ukikata vigae kufuata sakafu inavyokwenda. Mimi nilikusudia kuweka mkanda mweupe hapa. Sasa sihitaji mkanda." Akanyoosha mkono. "Isomee vizuri hiyo programu yako. Leo mgeni aingie ndani."

Chiriku akaongeza moja. Jambo la kibonye kimoja. Akakaa juu ya ndoo, akavuta kamasi, akasoma, na sauti yake ikakatika mwanzoni kisha ikatulia. Vidole vikashuka: vitatu mbele, kimoja nyuma, kifaranga baada ya kifaranga. Upande wa kushoto, sakafu ilipoinama, pengo lilikuwa pana zaidi. Fundi akalijaza kijani kilichobaki, hata mahali pa vidole vya kifaranga wa mwisho, majani yakaonekana yanakua marefu kwenye kona ile, naye akawa amezama ndani yake hadi magotini. Hilo halikuwa kwenye jedwali. Walisimama wakalitazama.

"Nilibandike upya?" fundi akauliza.

"Hapana, baba. Huyu amechelewa kwa sababu anakula."

"Basi na ale."

Sista Mkuu alipokuja na funguo zake alisimama mlangoni kimya, na wanaomjua wanasema kimya chake ni kitu cha kusimuliwa. Akamshika Chiriku mashavu kwa mikono yote miwili, akamwita mwanangu, akamwita fundi mwizi kwa kumficha mkwe kama huyu. Dereva alipiga king'ora mara moja nje, jambo ambalo haliruhusiwi, naye hakujali.

Wiki mbili baadaye mama mkwe alikwenda zahanati kumsindikiza jirani na mjukuu wake, akarudi na habari. Fundi na Chiriku walikuwa mezani dirishani. Kwa wakati huo walikuwa na jedwali jipya, sakafu ya ukumbi wa shule ya awali, na walikuwa wanabishana juu ya mkia wa samaki.

"Sista Mkuu ana malalamiko," mama mkwe akasema, akivua viatu.

Fundi akainuka nusu. "Kigae kimetoka?"

"Kigae kipi! Watoto. Wakipewa biskuti baada ya sindano hawali. Wanakwenda kuzimwaga pale ukutani, chini ya kuku, wanawalisha vifaranga. Mjukuu wa jirani yetu amemwekea yule wa kwenye majani biskuti nzima, anasema huyo ndiye mwenye njaa. Mfagiaji anakusanya makombo kutwa, sisimizi nao wamepata habari. Sista anasema uje umwambie afanye nini."

Fundi Timazi alikaa chini. Alijaribu kuonyesha uso wa mtu anayesikitishwa na sisimizi, akashindwa. Akamgeukia mkwe wake, naye Chiriku alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili, macho yanacheka.

"Mwambie," fundi akasema hatimaye, "awaongezee biskuti."

Halafu akavuta kigoda, wakarudi kwa samaki.